Waya wa Mafuta Katika Njia ya Unyanyembe

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 haukung'oa nanga bila vitu vitatu: nguo, shanga na masango. Nguo zilikuwa merikani na kaniki. Shanga zilichaguliwa kwa rangi na ukubwa, maana nchi moja ilizikataa zile zilizogombaniwa katika nchi ya pili. Masango yalikuwa mizingo ya waya mnene wa shaba. Mwanzoni mwa 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akiwa Unguja anajiandaa kumtafuta mmisionari David Livingstone, Mwarabu aliyemshauri alimwambia farasila 10 za waya zingemtosha, karibu kilo 160. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliambiwa, shanga ni sarafu za chini, nguo ni fedha, na waya ndiyo dhahabu yenyewe.

Wahunzi wa Unyamwezi waliuvuta waya huo hadi ukawa mwembamba, wakausokota juu ya singa za mkia wa mnyama na kutengeneza vikuku vya miguuni. Waya uliotusimamisha Tabora, katika njia hiyohiyo, ulikuwa wa chuma, unene wake haukuzidi milimita mbili, na kazi yake haikuwa urembo. Ulikuwa waya wa mafuta wa gari la michezo ambalo umri wake unakaribia miaka 30.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya kizazi cha sita, ile yenye taa nne za mviringo na milango miwili mirefu, iliyotengenezwa kati ya 1993 na 1999. Mwenye gari ni rafiki wa miaka mingi, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme Tanga, aliyekua akisikiliza Safari Rally redioni na hajapona mpaka leo. Wanaokumbuka miaka hiyo hawahitaji kuelezwa. Celica ilishinda Safari Rally mara nane kati ya 1984 na 1995. Björn Waldegård alifungua mlango, Juha Kankkunen na Carlos Sainz wakapita, na mwaka 1994 akaibuka Mkenya, Ian Duncan. Magari yale ya mwisho yalivuta kwa magurudumu yote manne na yalikuwa na tabo. Ya rafiki yangu inavuta mbele tu, na chini ya boneti yake kuna injini ya 3S-FE, ileile inayosukuma Noah zinazobeba abiria na kuku kwenda vijijini. Hapendi kukumbushwa jambo hilo. Tabora ilimlazimu alishukuru.

Alitaka kuipita njia ya kati yote, kutoka pwani hadi Ujiji, akiwa na gari analolipenda kabla hajazeeka. Mimi nilikaa kiti cha abiria, ramani magotini, na kazi ya kumenya machungwa.

Magharibi ya Itigi lipo pori ambalo wenyeji wa misafara waliliita Mgunda Mkali. Richard Burton na John Hanning Speke walilipita 1857. Kutoka pwani hadi Tabora, wakati huo wazungu wakipaita Kazeh, walitumia zaidi ya miezi minne. Wapagazi waliliogopa pori hilo kwa sababu ya kiu: vichaka vimefungamana, maji hayapatikani kwa mwendo mrefu, na aliyeshindwa kutembea aliachwa. Leo katikati ya vichaka hivyo kuna lami nyeusi. Kipande cha kutoka Chaya hadi Nyahua, kilomita 85 na ushee, kiliwekwa lami kwa mkopo wa Kuwait, na aliyezoea kusikia habari za mabasi yaliyokwama Itigi siku mbili wakati wa masika atashangaa. Dereva anaweza kulipita Mgunda Mkali lote bila kufungua chupa ya maji.

Ila hapo ndipo Celica ilipoanza vituko.

Mwenye gari alikuwa akiondoa mguu kwenye pedeli, injini inaendelea kunguruma sekunde moja, mbili, ndipo inashuka. Kisha pedeli ikawa nzito. Kisha ikaanza kukwama katikati, naye akawa anaingiza ncha ya kiatu chini yake kuinyanyua, jambo ambalo si la kufanya mbele ya lori la mizigo linalotoka Kigoma. Akaegesha kwenye kijiji kimoja chenye kituo cha bodaboda na banda la chipsi.

Kijana wa bodaboda alikuja bila kuitwa, kama wafanyavyo wote gari la ajabu likisimama. Aliomba boneti ifunguliwe. Hakugusa kitu. Aliinama, akatazama pale waya unapoingia kwenye injini, akasema, "Kaka, waya huo. Umeshaanza kufumuka." Akaenda kwenye pikipiki yake, Boxer, akaonyesha waya wake wa mafuta. Kando yake, umefungwa kwa mpira kuanzia usukani hadi chini ya tangi, ulikuwapo waya wa pili, mpya, usiounganishwa na chochote. Ule wa kwanza ukikatika porini, huuchomeka wa pili, akaendelea na abiria wake. Mwenye gari, ambaye alibeba tairi la akiba, jeki, taa, kamera na viatu vya kupandia mlima, hakuwa na waya.

Kwa wasioufahamu, waya wa mafuta haupitishi mafuta. Katika injini ya aina hii kazi yake ni kuvuta mlango wa hewa. Mguu unakandamiza pedeli, pedeli inavuta waya, waya unazungusha kipande cha mduara kilicho ubavuni mwa injini, na sahani ndogo ndani ya koo la hewa inafunguka. Hewa ikiingia nyingi, kontroboksi inaipima na kuamuru mafuta yapulizwe kwa kiasi chake. Mguu ukiondoka, springi inaufunga mlango. Ndani ya ganda lake, waya ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una kichwa kidogo cha risasi kinachokaa katika tundu lake. Uzi mmoja ukikatika, ncha yake inachoma ganda kwa ndani. Ukikatika wa pili, wa tatu, ncha hizo zinaanza kushika, na waya haurudi upesi. Kukatika kabisa si balaa kubwa, kwa kuwa springi itafunga mlango na gari litasimama. Balaa ni ule unaoshika na kuacha mlango wazi.

Tuliingia Tabora polepole, gari la michezo likipitwa na baiskeli zilizobeba mkaa.

Mji huu huonekana kwa miembe kabla ya kuonekana kwa nyumba. Miembe iko kando ya barabara, nyuma ya shule, mbele ya misikiti, na mingi ni mikubwa kiasi cha kufunika duka zima na mteja wake. Walioileta ni watu wa misafara, Waarabu na Waswahili wa pwani, ambao walikaa hapa kwa miaka, wakaoa, wakajenga, wakazika. Mmoja wao alikuwa Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, tajiri mashuhuri wa misafara; aliyeoa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, ni baba huyo. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na katika masimulizi hayo Tabora inatajwa kwa mazoea, mahali pa kurudi, kupumua, kugombana juu ya mali na kuondoka tena. Mali hiyo ilikuwa pembe na ilikuwa watumwa. Anayekaa chini ya miembe hii akala embe na kusahau jambo hilo, amekaa kivulini bure.

Gereji tuliyoelekezwa iko upande wa Ng'ambo, nayo imo chini ya mwembe, bila ukuta. Vyombo vya fundi viko ndani ya boksi la bati lililokuwa la risasi za jeshi. Fundi ni mzee wa makamo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwenye gari alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, na kabla ya kuulizwa lolote kuhusu gari tuliulizwa kuhusu safari, mvua za Tanga, bei ya nyanya njiani na kama tumekula. Pwani hujivunia kuwa watu wa salamu. Wanyamwezi wanaweza kutupa somo. Mwanamke aliyepita na beseni la karanga alisema "mwangaluka," fundi akaitikia, na mazungumzo yao yakachukua muda ambao Dar es Salaam ungetosha kutengeneza tairi mbili.

Kisha akaingia kazini, na hapo hakuwa na maneno.

Alikaa kiti cha dereva, akakandamiza pedeli kwa mkono. Akasikiliza. Akatoka, akafungua boneti, akazungusha kile kipande cha mduara kwa kidole, akachomoa kichwa cha risasi kutoka tundu lake. Akalegeza nati mbili kwa spana namba 12. Upande wa ndani alilala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje, akaufungua waya kutoka juu ya pedeli na kuusukuma kupitia mpira unaoziba tundu katika ukuta wa bati. Waya ukatoka wote. Aliunyoosha juu ya gunia na kuupitisha vidoleni kwa kitambaa. Kitambaa kilinasa mahali pawili. Hapo nyuzi zilikuwa zimesimama, zimekatika, na ganda lilikuwa limeliwa kwa ndani.

"Huu usingefika Urambo," alisema.

Suala likawa, waya wa Celica Tabora unatoka wapi? Kijana wa gereji alipewa baiskeli na ule waya wa zamani shingoni, akatumwa kuzunguka maduka ya vipuri. Alirudi na habari ambazo fundi alizitarajia. Waya wa Noah upo, lakini injini ya Noah imelala chini ya viti, kwa hiyo njia ya waya wake ni nyingine kabisa, ingawa injini ni ile ile. Waya wa Ipsum haukuwapo. Uliopatikana ni wa RAV4 ya kwanza, umechomolewa kwenye gari lililogonga, ganda zima, vichwa vyote viwili vizima. Ulikuwa mrefu kupita unaotakiwa kwa kiasi cha kiganja na nusu.

Mwenye gari alipendekeza uzungushwe tu ili urefu wa ziada upotee. Fundi alikataa. Waya wa mafuta haupendi kona, alieleza. Kila kona kali ni mahali utakapokatikia mwakani. Akaamua kuufupisha. Kazi hiyo inahitaji moto, risasi na subira, na ndiyo sehemu niliyovuta kigoda nikakaa karibu.

Alianza kwa kupima ganda, akalikata kwa msumeno wa chuma bila kuugusa waya wa ndani, akasawazisha mdomo wake kwa tupa ili usiwe na ncha ya kukwaruza. Kipande cha chuma cha mwisho wa ganda alikitoa upande uliokatwa na kukibana upya. Waya wa ndani hakuukata mara moja. Aliuwekea alama kwa wino, akapasha moto chuma cha kuchomelea, akainywesha risasi sehemu ile yenye alama mpaka nyuzi zote zikashikana. Ndipo akaikata kwa patasi na nyundo juu ya kipande cha reli. Hakuna uzi uliofumuka. Akaichana ncha kwa msumari, nyuzi zikafunguka kidogo pande zote, akaiingiza katika pipa dogo la shaba alilolikata kutoka kwenye bomba la friji, akamimina risasi iliyoyeyuka. Zile nyuzi zilizofunguka ndizo zinazokamata. Bila hizo, kichwa kingechomoka siku ya kwanza dereva atakapokanyaga kwa hasira. Kilipopoa alikifunga kwenye jiliwa, akavuta kwa uzito wake wote. Hakikutoka. Akakitia tupa hadi kikaingia katika tundu lake bila kulazimishwa.

Kijana alileta kopo la grisi. Fundi alilirudisha. Grisi ndani ya ganda hukusanya vumbi, na vumbi la Tabora likichanganyika na grisi huwa tope la kusagia. Alidondosha matone machache ya oili nyepesi, akaning'iniza waya kwenye tawi la mwembe ili oili ishuke yenyewe, na akaagiza chai.

Kijana huyo alisomea ufundi VETA hapohapo Tabora, na ana mashine ya kupimia magari inayochomekwa chini ya usukani. Magari mengi anayoyapenda hayana waya wa mafuta. Pedeli yake ina sensa, sensa inaiambia kontroboksi, na mota ndogo inafungua mlango wa hewa. Alisema magari ya namna hiyo hayasumbui. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ambayo mafundi wachache huwapa wanafunzi wao. "Ni kweli," alisema. "Ila waya hukwambia mapema. Unakuwa mzito, unakwaruza, unakuomba. Sensa haikwambii. Inazima." Kijana akajibu kwamba mashine humwambia kila kitu. Mzee akauliza mashine ilikuwa wapi tulipokuwa Nyahua.

Naona wote wawili wana haki, lakini kwa barabara hii ningependa kusafiri na mzee.

Tabora ina historia ndefu ya kutengeneza kisichokuja. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na pamoja nayo zikaja karakana. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, mafundi waliigeuza mitambo ya treni kuwa kiwanda cha fedha. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu za rupia 15, upande mmoja tembo ameinua mkonga, na idadi yake ilifika 16,198. Kwa shaba chakavu walipiga heleri 5 na heleri 20 zenye herufi T. Heleri hizo nyingine zimepinda, nyingine ni nene upande mmoja, na kasoro hizo ndizo zinazopendeza. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia mjini. Leo sarafu ya tembo inauzwa minadani Ulaya kwa fedha nyingi.

Hata gari la kwanza kulikata bara hili lilisumbuliwa na vipuri. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam 10 Agosti 1907 na gari la Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, 1 Mei 1909. Sehemu kubwa ya miezi hiyo hakuwa akiendesha. Alikuwa ameketi mahali, akingoja kitu kifike kutoka Ulaya.

Kungoja ndiko kulikoijenga Unyanyembe. Wapagazi wengi walikodiwa pwani kufika hapa tu. Wakifika, mkataba umekwisha, na tajiri lazima atafute wengine. Kama ni msimu wa kulima, hawapatikani, kwa sababu Mnyamwezi aliyebeba karibu kilo 30 begani kwa mamia ya kilomita alikuwa pia mkulima mwenye shamba linalomwita. Sisi nasi, tukingoja, tuliuacha waya mwembeni, tukakodi bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama tembe la Livingstone.

Ni jengo la udongo mwekundu, kuta nene, paa bapa, mlango wa nakshi ambao mtu wa Tanga au Unguja ataufahamu mara moja. Limejengwa upya, na ndani yake kuna makumbusho madogo. Stanley alifika hapa Juni 1871, akakuta Waarabu wanapigana na mtemi Mirambo, akajiingiza katika vita hivyo na kushindwa pamoja nao. Baada ya kumpata Livingstone Ujiji, walirudi wote Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Livingstone alibaki hadi mwishoni mwa Agosti, akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Alikuwa mgonjwa. Akiondoka hapa hakuonekana tena akiwa hai na Mzungu yeyote. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walipita Kwihara na maiti yake, wakiipeleka Bagamoyo.

Mlinzi wa mahali hapo, mama mwenye kanga iliyofifia, alitufungulia vyumba kimoja kimoja. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya wageni wawili waliolala hapa. Juu ya waliowabeba vimeandikwa vichache, na kuta za makumbusho zinafuata mtindo huohuo. Itafaa siku moja chumba kimoja kiwe cha wapagazi tu: mizigo yao, mishahara yao, nyimbo zao, na pia migomo yao, kwa maana waligoma mara kwa mara na mara nyingi walishinda.

Tulirudi tukiwa na njaa. Kwetu Tanga mboga isiyo na tui hutazamwa kwa mashaka. Tabora kazi ya tui inafanywa na karanga. Mama ntilie karibu na stesheni alitupakulia ugali, mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa kisha yakapikwa kwa karanga za kusaga, machungu kidogo, mazito, yanayomlazimu mtu kula taratibu. Baadaye akaleta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu. Ndugu yake ni michembe, inayokatwa mbichi na kuanikwa. Chakula hiki kinakaa ghalani miezi na kinakaa mfukoni siku nzima. Mtu aliyekuwa akitembea kwenda pwani na kurudi alihitaji chakula cha namna hiyo, na watoto wa shule wa Tabora wanakitafuna leo wakisubiri basi.

Waya ulirudishwa jioni. Fundi alipitisha kichwa cha ndani kwanza, akarudisha mpira wa ukutani, akahakikisha ganda halipigi kona wala halikaribii bomba la moto. Kisha akafunga zile nati mbili kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa. Waya ukikaza mno, mlango wa hewa haufungi kabisa na sailensa inapanda. Ukilegea mno, pedeli inafika chini na gari halipati nguvu yake yote. Aliacha ulegevu wa milimita chache, akamwambia kijana akanyage mpaka mwisho huku yeye akitazama kama mlango umefunguka wote. Umefunguka. Achia. Umefunga, tak! Ndipo akawasha. Injini ilikaa sailensa bila kutikisika, akapiga resi mara moja, ikapanda na kushuka palepale.

Mwenye gari alicheka kwa sauti. Fundi alitaja bei, na bei ilikuwa ndogo hadi ikaleta ubishi wa kinyume, mteja akiomba kuongeza na fundi akikataa. Mwishowe akakubali nyongeza kwa sharti kwamba ni ya kijana.

Kutoka Tabora kwenda Urambo miyombo inaanza kwa nguvu, na juu ya matawi kuna mizinga ya magome. Asali ya huku ni nyeusi kuliko ile ya Handeni tuliyoizoea, na ina ladha ya moshi. Chini ya miti hiyohiyo kuna mabani ya kukaushia tumbaku, na kuni za mabani zinatoka kwenye miti ya nyuki. Kila muuza asali tuliyeongea naye alilijua tatizo hilo. Baadhi yao wana shamba la tumbaku. Urambo ilikuwa makao ya Mirambo, aliyefariki Desemba 1884 baada ya kuwasumbua Waarabu na kuwatia hofu watu hadi ziwani. Ilikuwa pia moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Matrekta mengi ya mpango huo yalikuwa chakavu ya vita, na yalikufa kwa kukosa vipuri na mafundi. Karanga zenyewe, Wanyamwezi walikuwa wakizilima kwa jembe na wanaendelea kuzilima.

Mto Malagarasi tuliuvuka juu ya Daraja la Kikwete kwa dakika moja. Katika mto huu Stanley alilipa ushuru wa mitumbwi kwa kubishana siku nzima, na punda wake aliyeitwa Simba alikamatwa na mamba wakati wa kuvushwa. Uvinza bado ni chumvi, kama ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Barabara mahali pengine ilikuwa vumbi, na Celica, iliyo karibu sana na ardhi, ilipita hapo ikijikuna tumbo. Pedeli haikukwama. Ujiji ilitupokea kwa migebuka ya kukaanga na mabishano ya vijana kuhusu mwembe upi ni wa kizazi cha ule unaosemwa Stanley alimkuta Livingstone chini yake 1871.

Kigoma imo meli ambayo fundi wa Tabora angeipenda. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande kwa Reli ya Kati, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua 1924, injini zilikuwa zinafaa, na 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba.

Msomaji mwenye gari la zamani anayepanga njia hii, iwe Celica, Peugeot 504 au Corolla ya baba, na afanye mambo mawili kabla ya kuondoka. Fungua boneti, uchomoe kichwa cha waya wa mafuta, uupitishe vidoleni kwa kitambaa. Kitambaa kikinasa, usisafiri nao. Na ukipata waya mpya, nunua miwili, huo wa pili uufunge kando ya wa kwanza.